Injini ya 3L kwenye Land Rover Series III: mipira kwanza, breki baadaye

Land Rover Series III zilitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na chesi nyingi za huku kwetu bado ziko imara wakati injini yake ya petroli ya 2286 cc imeshakula oili hadi basi. Mwenye gari anakwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, anapata 3L ya mtumba, ile dizeli ya Toyota ya 2779 cc iliyobeba Hiace na Hilux miaka nenda miaka rudi. Fundi anachonga bamba la kuishikisha na giaboksi, anachomelea mikono ya kuikalisha kwenye chesi, gari linawaka. Likitoka barabarani, malalamiko ni yaleyale: injini inavuta, lakini breki zimekuwa ngumu kama kukanyaga jiwe, na mlimani sindano ya joto inapanda. Hapo ndipo magurudumu manne yanafunguliwa, breki shuu mpya zinanunuliwa, masta silinda (ile inayosukumwa na pedali kupeleka maji ya breki) inabadilishwa, na ugonjwa unabaki palepale.

Kama breki zilikuwa nzuri kabla injini haijatolewa, usizifungue. Kilichobadilika ni injini, na kati ya injini na breki kuna mpira mmoja tu wa vakyumu. Anza na mpira huo. Pesa nyingi sana zinapotea kwenye ngoma za magurudumu kwa kosa lililoko chini ya boneti.

Kwa nini pedali inakuwa ngumu

Injini ya petroli ina kipepeo ndani ya kabureta. Ukiachia mafuta kipepeo kinajifunga, pistoni zinavuta hewa isiyopatikana, na ndani ya manifoldi panakuwa na mvuto mkubwa, kiasi cha milimita 430 hadi 530 za zebaki injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta. Servo ya breki, kile kidude kinachousaidia mguu kusukuma pedali, inakula mvuto huo, yaani vakyumu. Dizeli ya 3L haina kipepeo cha namna hiyo. Inavuta hewa yote inayotaka wakati wote, na nguvu yake inapimwa kwa dizeli inayopigwa na pampu. Kwa hiyo kuchomeka mpira wa servo kwenye manifoldi ya 3L ni sawa na kuuacha ukining'inia. Breki zitafanya kazi, ila mguu wako utabeba mzigo wote peke yake, na gari refu la 109 likiwa limejaa watu na mizigo huo si mzigo wa mguu mmoja.

Toyota waliliona hilo, wakaweka pampu ya vakyumu nyuma ya oltaneta, kwenye shafti moja nayo. Ukiwa unanunua injini, igeuze uangalie mgongo wa oltaneta: lazima uone kichwa cha pampu chenye mdomo mmoja mpana wa mpira wa vakyumu, paipu nyembamba ya chuma inayoleta oili, na mpira wa kurudisha oili kwenye bloku. Injini za mtumba kutoka Japani na Dubai mara nyingi hufika mipira ikiwa imekatwa kwa kisu, au oltaneta imeshauzwa peke yake na mahali pake imewekwa ya injini ya petroli. Oltaneta ya namna hiyo itachaji betri vizuri kabisa, na breki hutapata.

Land Rover fupi za 88 ambazo hazikuwa na servo tangu kiwandani ni habari nyingine. Kwao pedali nzito ndiyo tabia ya gari, na ukitaka nafuu itabidi ufunge servo na masta silinda inayolingana nayo.

Vipimo vitatu kabla ya spana yoyote

Zima injini. Kanyaga pedali mara 5 hadi iwe ngumu, kisha uibane kwa mguu bila kuachia. Washa injini. Pedali inatakiwa izame kidogo chini ya mguu, kama sentimita 1 au 2. Isipozama, servo haipati mvuto.

Kipimo cha pili: acha injini izunguke dakika 2, izime, subiri kidogo, kanyaga. Mkanyago wa kwanza unatakiwa uwe mwepesi na uende chini, wa pili na wa tatu uwe juu zaidi. Ukiwa mgumu tangu wa kwanza, servo inajaa mvuto lakini haiutunzi. Mshukiwa ni vali ya njia moja, yule mdudu wa plastiki anayekaa kwenye mdomo wa servo. Ichomoe. Ukipuliza kutoka upande wa injini, hewa isipite. Ukivuta kwa mdomo kutoka upande uleule, ipite. Imeshawahi kufungwa kinyume kwenye magari mengi baada ya kubadilisha injini, na ikifungwa kinyume servo haipati kitu hata pampu iwe mpya.

Cha tatu kinahitaji geji ya vakyumu na kiungo cha njia tatu, vitu vya bei ndogo. Vikatize kwenye mpira kati ya pampu na vali. Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, pampu nzima ya 3L ikiwa sailensa inatakiwa kufikisha kama milimita 600 za zebaki au zaidi ndani ya nusu dakika. Nairobi usitegemee namba hiyo. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe inasukuma kwa milimita 620 hivi badala ya 760, kwa hiyo pampu ileile itasoma pungufu kwa karibu 140. Geji ikisimama kwenye 480 Nairobi, pampu haina kosa. Wako waliotupa pampu nzima kwa kufuata namba ya kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari.

Namba ikiwa ndogo, bana mpira kwa koleo laini karibu na servo, baada ya geji. Sindano ikipanda, hewa inaingia kwenye servo au kwenye vali. Isipopanda, kosa liko kwenye pampu, kwenye mpira wenyewe, au kwenye mkanda. Mkanda usiusahau. Kwenye 3L mikanda ya feni ndiyo inayozungusha oltaneta pamoja na pampu ya maji. Ikilegea, breki zinakuwa ngumu asubuhi au kwenye mvua na kupona jua likiwaka, na taa ya chaji inapepesa. Ikikatika, unapoteza chaji, maji na servo kwa wakati mmoja. Ukiisukuma kwa kidole gumba katikati, inatakiwa iingie ndani takriban milimita 10.

Mpira gani kwa kazi gani

Hapa ndipo makosa mengi yamelala, kwa sababu mipira yote ni myeusi na dukani inaning'inia pamoja. Mpira wa maji ya rejeta unatengenezwa kwa raba inayovumilia joto la maji na kulenti (dawa ya maji ya rejeta), lakini ikiguswa na oili au dizeli inavimba, inalainika kama ubani, na mwisho inachubuka ndani. Mpira wa mafuta ni kinyume chake: unavumilia dizeli na oili, lakini ukipitisha kulenti ya moto siku zote unakauka na kupasuka. Maji ya breki yana mipira yake na hayachangamani na yoyote kati ya hiyo.

Mpira wa vakyumu kutoka kwenye pampu ya dizeli unapitisha mvuke wa oili, kwa hiyo unatakiwa uvumilie oili ndani na uwe na ukuta mnene usiobonyea. Mpira wa maji ukiwekwa hapo utafanya kazi miezi michache. Baadaye ukuta wa ndani unavimba, tundu linakuwa jembamba, na ukiwa umepinda karibu na injini ya moto unajifunga wenyewe. Dalili yake inachanganya: breki ni nzuri injini ikiwa baridi, ngumu ikipata moto. Uelekeze mpira ukipanda juu kutoka kwenye pampu kwenda kwenye servo bila kutengeneza bonde katikati, maana bonde hukusanya oili.

Mpira wa kurudisha oili kutoka kwenye pampu unastahili aya yake. Pampu haitoi oili tu kupitia hapo, inatoa na hewa yote iliyoivuta kutoka kwenye servo, na hewa hiyo inaingia ndani ya injini. Kutokana na hilo yanatokea mambo mawili ambayo mafundi wengi huyasoma vibaya. La kwanza: servo ikivuja, pampu inasukuma hewa bila kupumzika kwenye bloku, na injini inaanza kupumua kwa nguvu kwenye tundu la kujazia oili. Mtu anaambiwa ringi za pistoni zimekwisha. Kabla hujakubali kufungua injini, chomoa mpira wa vakyumu kwenye pampu na uzibe mdomo wa pampu kwa kidole huku injini ikizunguka. Pumzi ikipungua sana, ringi hazina kosa. La pili: mpira huo ukipinda au ukivimba, oili haina pa kwenda. Inapita kwenye sili na kuingia kwenye waya za oltaneta, au inapanda kwenye mpira wa vakyumu hadi kwenye servo. Ukikuta oltaneta imelowa oili, usikimbilie kuirudishia waya. Tazama kwanza njia ya kurudi.

Paipu nyembamba inayoleta oili inafungwa kwa bolti yenye tundu na washa mbili za shaba. Washa za zamani zimeshakuwa ngumu. Weka mpya, au zichome hadi ziwe nyekundu, uzitumbukize kwenye maji, zitalainika tena.

Kuna kosa moja linalotisha zaidi ya yote haya. Chupa ya maji ya breki inapungua kila wiki, na hakuna gurudumu lililolowa. Sili ya nyuma ya masta silinda imechoka, servo inanyonya maji ya breki, mpira unayapeleka kwenye pampu, na pampu inayamwaga kwenye oili ya injini. Kwenye petroli ungeona moshi mweupe ukajua. Kwenye 3L huoni kitu. Chomoa mpira kwenye servo, ingiza waya uliofungwa kitambaa ndani. Kikitoka na maji ya breki, masta silinda itoke leo, oili ya injini imwagwe, na servo yenyewe ikaushwe au ibadilishwe kwa sababu dayaframu yake imeshalowa.

Pedali isiyo ngumu ila mbaya

Kama paipu za breki ziliguswa wakati wa kuingiza injini, pedali itakuwa na tabia nyingine. Ikipanda na kukaza ukikanyaga mara mbili haraka, breki shuu ziko mbali na ngoma. Kaza bolti za kurekebisha nyuma ya bamba la kila gurudumu hadi ngoma ishike, kisha ulegeze mpaka izunguke kwa kugusa kidogo, kanyaga pedali kwa nguvu, urudie. Ikibonyea kama sponji hata ukipampu, kuna upepo. Ikizama polepole mguu ukiwa umeibana, na hakuna tone nje, sili za masta silinda zinapitisha kwa ndani.

Kutoa upepo kwenye 109 kunahitaji subira, kwa sababu kila gurudumu la mbele lina silinda mbili na hewa hujificha kwenye paipu inayoziunganisha. Kwa gari la usukani wa kulia anza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Pedali ishuke polepole, nipeli (kile kibolti cha kutolea upepo kwenye gurudumu) ifungwe kabla pedali haijarudi. Lita 1 ya maji mapya inatosha mfumo mzima, na chupa usiiache ikauke katikati ya kazi. Maji ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 230, DOT 3 kwenye 205. Yakishanyonya unyevu nyuzi hizo zinashuka hadi 155 na 140, na hewa ya Pwani huharakisha jambo hilo. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu la gereji ni ya kumwagwa.

Joto linahusu ubadilishaji huu wa injini moja kwa moja, kwa sababu bomba la ekzosi la 3L halipiti palepale lilipopita la zamani. Fuata paipu ya breki kwa mkono, injini ikiwa baridi, kutoka masta silinda hadi gurudumu la mbele la upande wa pili. Iwe mbali na ekzosi angalau milimita 75, na pasipowezekana weka bati la kukinga lenye nafasi ya hewa pande zote. Breki nzuri mjini zinazogeuka sponji baada ya mteremko mrefu wa Sekenke au wa Mai Mahiu, kisha kupona zikipoa, ni maji yanayochemka.

Ukikutana na kiraka cha paipu ya shaba ya fundi friji, kitoe. Ukuta wake ni mwembamba na haukutengenezwa kwa shinikizo la breki. Paipu sahihi ni ya inchi 3/16, ya chuma au ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Nati nazo ni mtego: Series III nyingi zina nati za inchi 3/8 zenye nyuzi 24 kwa inchi, wakati Toyota wanatumia milimita 10 zenye hatua ya milimita 1 kati ya uzi na uzi. Nati ya 3/8 ikiingizwa kwenye tundu la milimita 10 inaingia, inazunguka, inaonekana imekaza, halafu siku ya kukanyaga kwa nguvu inachomoka. Ikiwa umefunga servo na masta silinda ya Toyota, pima kila nati kwa vernia. Angalia na sakafu ya tundu: yenye koni iliyochomoza inataka kichwa cha paipu kilichokunjwa mara mbili, yenye shimo kama faneli inataka kichwa cha duara. Ukichanganya, itavuja hata uvunje spana.

Breki zinazoshika na kukataa kuachia zina visababishi viwili vikubwa. Fimbo ya kusukuma masta silinda isiyo na nafasi: inatakiwa ichezecheze milimita 1 hadi 2 kabla haijagusa pistoni, la sivyo tundu la kurudishia maji linazibwa na breki zinajikaza zenyewe kadiri zinavyopata joto. Au mpira wa breki wa zamani uliovimba ndani. Gari hili lina mipira 3, miwili mbele na mmoja kwenye ekseli ya nyuma. Gurudumu likishika, legeza nati ya paipu upande wa chesi kabla ya mpira. Lisipoachia, fungua nipeli. Likiachia hapo, maji yalikuwa yamefungiwa baada ya mpira, na mpira ndiyo mwizi. Badilisha yote mitatu pamoja.

Maji na joto

Series III inakuja na kofia ya rejeta ya psi 9, na shingo yake ni ndefu. Kofia fupi ya Toyota inaweza kukaa na kufunga vizuri kwa macho huku sili yake ya ndani haigusi chini. Hapo hakuna shinikizo kabisa. Nairobi maji yasiyo na shinikizo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa psi 9 yanafika karibu 110. Pima kina cha shingo na cha kofia kabla ya kulaumu pampu ya maji. Na 3L si injini ya kuchezea joto, silinda hedi za familia hii zinajulikana kwa kupasuka.

Midomo ya injini na ya rejeta hailingani kipenyo. Usinyooshe mpira kwa nguvu wala usijaze nafasi kwa tyubu ya baiskeli. Tumia mpira uliotengenezwa wenye kipenyo tofauti kila upande, au kipande cha bomba la chuma chenye ukingo ulioinuliwa mwishoni ili mpira usichomoke. Pande zote mbili za bomba hilo ziwe na mpira wa kutosha, kwa sababu dizeli inatikisika ikizimwa na shingo ya rejeta ndiyo itakayopasuka. Mpira wa chini uko upande wa kunyonya wa pampu. Panda hadi mizunguko 2,500 ukiutazama: ukibonyea, unahitaji springi ndani au mpira mnene zaidi.

Baada ya kujaza maji, nyanyua pua ya gari, fungua hita, acha kofia wazi, injini izunguke, na ubanebane mpira wa juu. Viputo vya hewa iliyonaswa huisha ndani ya dakika 15 hadi 20. Visipoisha, ni gesi kutoka kwenye silinda, na mipira haihusiki tena. Mpira wa juu ukiwa mgumu asubuhi kabla ya kuwasha, dalili ni hiyohiyo.

Themostati iache ndani. Kama yako ina kisahani cha pili chini, kazi yake ni kufunga njia ya mkato maji yakipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kitundu chake kidogo chenye kipini kikae juu kabisa ili hewa itoke. Maji ya kisima cha Pwani yana chumvi inayokula alumini. Nunua kulenti, uchanganye nusu kwa nusu na maji safi yaliyotoneshwa.

Mipira ya dizeli kwa ufupi: tanki la petroli lina njia ya kwenda tu, dizeli inahitaji na ya kurudi hadi kwenye tanki. Upande wa kunyonya hauvuji nje, unavuta hewa ndani. Gari likikataa kuwaka asubuhi mpaka upige pampu ya mkono, weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya filta, viputo vitakuonyesha.

Klipu zote zikazwe upya injini ikiwa baridi, baada ya safari ya kwanza na tena baada ya kilomita 500. Kwa mipira ya silikoni tumia klipu zenye ukanda usio na matundu, zenye matundu zinaikata. Siku hiyohiyo ingia chini na tochi, utafute mahali mpira wowote umeng'aa kwa kusuguana na chuma, uufunge mbali kabla haujatoboka.